Chakula cha kufungasha, nauli ya boda na bakshishi: apewe nani, na shilingi ngapi

Ukifuata chipsi zako mwenyewe kijiweni, ukalipa, ukabeba, hudaiwi bakshishi na mtu. Ukiletewa chakula mlangoni kwa bodaboda, ongeza shilingi 500 hadi 1,000 juu ya nauli kama ni jirani, 2,000 kama ni mbali au kuna mvua, na usihangaike na asilimia. Hilo ndilo jibu fupi. Refu linahitaji hesabu, kwa sababu hapa Dar es Salaam oda moja ya chakula inaweza kupita kwenye mikono ya watu wanne kabla haijakufikia, na hela unayoitoa kwa moyo mweupe inaweza kuishia kwa asiyehusika kabisa.

Nianze na hilo la asilimia, maana ndilo linalowachanganya wengi. Mazoea ya kupiga 10, 15 au 20 kwa mia yametufikia kutoka Marekani, kupitia sinema, wageni na siku hizi programu za simu. Kule yana sababu yake. Sheria yao ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, wakati kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25. Bakshishi ya mteja inahesabiwa kuwa sehemu ya ujira. Asiyetoa anakuwa amegusa mshahara wa mtu. Na hata hao wenyewe wanabishana inapofika kwenye chakula cha kubeba, kwa kuwa hakuna aliyekuhudumia mezani.

Kwetu kima cha chini cha mshahara hupangwa na serikali kwa sekta, na hakuna kiwango cha pembeni kilichopunguzwa kwa hesabu kwamba mteja atajazia. Mishahara ya migahawani ni midogo, hilo halina ubishi, lakini wa kuulizwa ni mwajiri. Kwa hiyo bakshishi ya Dar si deni. Ni shukrani kwa kazi iliyozidi, na kazi iliyozidi haipimwi kwa bei ya chakula.

Chukua mfano. Chipsi mayai ya shilingi 4,000 na pizza mbili za shilingi 60,000, zote zinatoka Sinza kwenda Kimara. Kwa asilimia 10, aliyeleta chipsi anapata 400 na aliyeleta pizza anapata 6,000. Barabara ni ileile, foleni ya Ubungo ni ileile, petroli ni ileile. Kinachobadilika ni bei, na bei haina uzito juu ya pikipiki. Pima vitu ambavyo mwili wa mtu unavisikia: kilomita, ngazi, mvua, kilo, muda wa kusubiri na saa ya usiku.

Nauli kwanza

Kosa kubwa kuliko yote, na nimesisitiza hili kwa kila anayeniuliza, ni kumkata mtu nauli halafu kumpa sehemu ya hiyohiyo nauli kwa jina la bakshishi. Tupige hesabu ya safari moja. Mwenge hadi Masaki ni kama kilomita 8. Kwenda na kurudi ni 16, na boda atarudi, kwa sababu kijiwe chake kiko Mwenge na huko Masaki kuna wenyewe. Pikipiki ya cc 125 au 150 kwenye foleni za mjini inakwenda kama kilomita 40 kwa lita. Hiyo ni sehemu nne za kumi za lita. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Bei halisi utaiona kwenye tangazo la kila mwezi la EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji. Petroli pekee imekula 1,200.

Halafu kuna hesabu ya bosi. Vijana wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wanapeleka kwa mwenye chombo kiasi cha shilingi 7,000 hadi 10,000 kila siku, au wako kwenye mkataba wa kulipa kila siku mpaka chombo kiwe chao. Hesabu ikiwa 8,000 na siku nzuri ikawa na safari 10, kila safari inabeba 800. Tumeshafika 2,000, na bado hatujataja oili, matairi, brekipedi, wala sahani ya wali ya mchana.

Nauli ikiwa 4,000, amebaki na 2,000 kwa kazi ya karibu saa nzima. Wewe ukibishana naye mpaka 2,500, amebaki na 500. Ukimpa 1,000 akifika na kumwambia "hiyo ya soda, kaka", umemrudishia sehemu ya ile 1,500 uliyomkata. Anajua. Wewe ndiye usiyejua.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: patana nauli ya haki kabla chakula hakijatoka jikoni, ilipe yote, kisha ndipo ufikirie bakshishi. Kwa makadirio, ndani ya kata moja au mbili, kama Sinza kwenda Mwenge au Kijitonyama, 2,000 inatosha. Sinza kwenda Mikocheni au Magomeni, 2,500 hadi 3,000. Kutoka katikati ya Kinondoni kwenda Masaki, 4,000 hadi 5,000. Kwenda Tegeta, Mbezi ya Kimara au Mbagala, 6,000 na kuendelea, na hapo ni bora utafute mgahawa wa karibu, maana chipsi zilizokaa dakika 50 ndani ya kopo lililofunikwa ni viazi vya kuchemsha. Mvuke hauna pa kutokea, unarudi kuwa maji juu ya chakula. Hilo halina dawa ya bakshishi. Mwambie mkaangaji aache pembe moja ya kopo wazi na afunge kachumbari kando.

Kigamboni ni hesabu ya peke yake. Kwa kivuko kuna tiketi na kuna kusubiri, kwa Daraja la Nyerere kuna mzunguko na kuna tozo kama inatozwa chombo hicho. Muulize boda anapita wapi, na gharama ya kuvuka iwe ndani ya nauli kabla hajaanza safari.

Hela ya kupeleka inaingia mfuko wa nani?

Hili ndilo swali linaloamua kiasi cha bakshishi, na watu wachache hulielewa. Kuna njia tatu za chakula kukufikia.

Ya kwanza, mgahawa unaita boda wa kijiweni. Wewe unamlipa mkononi, hela yote ni yake. Nauli ikiwa ya haki, bakshishi ya 500 inatosha kabisa, na hata usipotoa hujamdhulumu.

Ya pili, mgahawa una kijana wake na pikipiki yake. Hela ya kupeleka unailipa pamoja na chakula, inaingia kwenye droo ya mgahawa, na yeye analipwa mshahara au posho ya siku. Huyu hapati shilingi kwenye ile 3,000 uliyoandikiwa. Huyu ndiye mpe 1,000 bila kusita, na 2,000 kama ni mbali. Utamjua kwa kumuuliza tu, bila aibu: "Hela ya kupeleka ni yako au ya ofisi?" Hakuna aliyewahi kukasirika kwa swali hilo.

Ya tatu ni programu za simu. Jumia walifunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019, na zimekuja nyingine, lakini oda nyingi za mtaani bado zinapita WhatsApp, Instagram au simu ya kawaida. Kwenye programu, ada ya usafiri inakusanywa na kampuni na kampuni inagawana na dereva kwa mpango wake. Usiamini kwamba ada kubwa maana yake dereva kapata kubwa. Hapo pia taslimu mkononi ndiyo safi.

Kuna tozo mbili zaidi zinazowachanganya watu wakadhani wameshatoa bakshishi. Moja ni ya fungashio. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, mfuko ni bidhaa inayonunuliwa, na makopo ya chakula nayo yana bei. Migahawa mingi inaweka 500 hadi 1,000. Hiyo ni bei ya kopo. Nyingine ni ada ya huduma inayowekwa na baadhi ya hoteli na migahawa ya kitalii, tofauti na VAT. Ukiwa unabeba, hukukaa mezani, omba itolewe kabla risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haijachapwa. Ikishachapwa keshia anapata kazi ya kuifuta na foleni nyuma yako inakuchukia.

Chenji, maneno na simu

Bakshishi nyingi za Dar si bakshishi, ni chenji iliyokosekana. Chakula na nauli vimekuja 8,500, una noti ya 10,000, boda anapapasa mifuko na kusema hana chenji. Unamwachia 1,500 ukiwa umenuna. Yeye kapata hela bila shukrani, wewe umetoa bila nia, na safari ijayo humwiti. Tatizo ni maandalizi. Ukiagiza, taja noti uliyonayo: "Nina elfu kumi, mwambie aje na chenji." Na wewe kwako weka kikombe karibu na mlango chenye sarafu za 200 na 500 na noti chache za 1,000. Wiki moja ya kutupia chenji za daladala humo inatosha kwa oda za mwezi.

Chenji ikiwa chini ya 1,000 na kijana kafanya kazi vizuri, muachie, lakini sema. "Hiyo baki nayo" ni maneno matatu tu, ila yanageuza chenji kuwa zawadi. Boda anayeondoka bila kuambiwa hajui kama umesahau au umempa, na mwaminifu atasimama hapo akikusubiri ukague mfuko.

Kuhusu maneno yenyewe: bakshishi ni neno lililotufikia kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni kutoa, zawadi. Mtaani watu husema ya soda, ya maji, ya vocha. Mimi nalikwepa neno "ya chai" kwa sababu hapa mjini limeshachafuka. Hela ya chai ndiyo inayoombwa pale ambapo huduma ni haki yako. Tofauti ni wakati na kusudi. Bakshishi huja baada ya kazi, na haimnyimi mwingine kitu. Ukimpenyezea mkaangaji 2,000 saa 2 usiku ili zege lako (chipsi mayai) liwatangulie watu sita waliofika kabla yako, hiyo ni hongo, hata kama ni ndogo na hata kama inanukia mafuta ya chipsi. Wale sita wameilipia kwa muda wao.

Kwa mzee anayeendesha bajaji na kuleta chakula, anza na shikamoo kabla ya hela, na mpe kwa mkono wa kulia, noti ikiwa imekunjwa. Kwa kijana, "kaka, hii ni yako" inatosha. Kurusha sarafu kwenye tenki la pikipiki ni dharau, usifanye.

Sasa simu. Ukilipa chakula kwa Lipa Namba, fedha zinaingia akaunti ya biashara. Kuongeza 2,000 humo ukitegemea imfikie aliyeleta ni kuitupa. Keshia ataiona jioni kama ziada isiyo na maelezo. Kama huna taslimu kabisa, andika kwenye WhatsApp kabla hujalipa: "Natuma 28,000. Chakula 26,000, 2,000 ya aliyebeba, mpeni taslimu kabla hajatoka." Kisha akifika muulize kama kapewa. Migahawa inayojiheshimu inafanya hivyo bila shida.

Ukimtumia mwenyewe, muulize yuko mtandao gani. Kutuma nje ya mtandao wako kunaweza kuongeza makato, na kwa kiasi kidogo makato ndiyo yanakula nyama na kukuachia mfupa. Ukitaka apokee 1,000, tuma na ya kutolea, maana wakala atamkata. Tazama jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Akikuomba usubiri mpaka meseji iingie kwake, usione anakutilia shaka. Skrinishoti za kughushi zipo, na akirudi kijiweni bila hela hasara ni yake. Njia nyingine rahisi ni vocha. Boda anaishi kwa simu, anapiga kwa wateja mchana kutwa kuuliza geti liko wapi, na 1,000 ya muda wa maongezi inamfikia nzima bila wakala.

Chakula kikiharibika, usimkate asiye na kosa

Hapa ndipo nawaomba wasomaji wapunguze haraka. Boda ndiye sura unayoiona, kwa hiyo ndiye anayebeba hasira ya jiko zima.

Supu ikimwagika, angalia kopo. Kama ni la mfuniko wa kubana na limefungwa juu ya wali ndani ya mfuko mmoja, jiko limekosea. Supu inataka kopo la mfuniko wa kusokota, lijazwe robo tatu, likae chini kabisa likiwa limesimama. Pizza ikiwa imekusanyika upande mmoja, aliyebeba kaiinamisha, lakini kama mgahawa umempa boda asiye na sanduku na kumwambia aifunge nyuma kwa kamba, gawanya lawama. Pilipili au tomato imesahaulika: jiko. Oda imebadilika, umeagiza mishikaki ukaletewa kuku: jiko, isipokuwa kama boda alikuwa na mizigo miwili akabadilisha, na hilo utalijua mfuko ukiwa na jina la mtu mwingine. Chakula kimefika baridi: uliza alikabidhiwa saa ngapi. Kusubiri jikoni ndiko kunakomuua boda. Akikaa nusu saa mlangoni kwa mgahawa amepoteza safari nzima, na wewe ukimnyima bakshishi kwa kuchelewa umempiga mara mbili. Risiti ya EFD ina saa iliyochapwa. Walau inakuonyesha malipo yaliingizwa lini.

Makosa yake kweli ni haya: kuzima simu, kupitia kwenye shughuli nyingine na mzigo wako, kuweka mfuko juu ya injini mpaka chini kuungue na juu kupoe, kufungua chakula. Kwa hayo usitoe kitu juu ya nauli, na umwambie mwenye mgahawa jina lake. Nauli mlipe. Petroli imeshaungua.

Na kuna makosa ya mteja, ambayo kwa uzoefu wa jiji hili ndiyo mengi kuliko yote. Kusema "niko Sinza" ni sawa na kusema uko baharini. Sema Sinza Mori, Kumekucha, Afrikasana au Makaburini, taja duka la dawa au kituo cha mafuta kilicho jirani, rangi ya geti, na utume lokesheni ukiwa nyumbani, si ukiwa bado kazini. Shika simu. Kila dakika anayozunguka mtaani kwenu akiuliza watoto, chakula kinapoa na hesabu yake inaharibika. Ukijua umempotezea dakika 15 kwa maelekezo mabovu, ongeza 1,000 na useme samahani.

Fleti nazo zina yao. Jengo likiwa na ngazi tu na wewe uko ghorofa ya nne, ama shuka ukapokee chini, ama toa 1,000 kwa zile ngazi. Kumbuka pikipiki iko nje ya geti haina mwangalizi. Mlinzi akiipokea oda kwa niaba yako mara moja, asante inatosha. Akifanya hivyo kila siku, mpe 1,000 au 2,000 mwisho wa wiki kwa mkupuo, na mara mojamoja chapati.

Mvua, usiku na mfungo

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, nauli inapanda na inastahili kupanda. Jangwani ikijaa maji, safari ya Magomeni kwenda Kariakoo inageuka ya kuzunguka, breki zinalowa, mashimo hayaonekani. Kama nauli imepandishwa kutoka 3,000 hadi 5,000, hiyo ndiyo bei ya mvua, bakshishi ya 500 hadi 1,000 inatosha. Kama amekuja kwa nauli ya kawaida akiwa amelowa chapachapa, 2,000 ndiyo kiwango cha chini kwa maoni yangu, na mwache asimame barazani mpaka ipungue.

Kuanzia saa 4 usiku, thamani kubwa kuliko hela ni kumtoa haraka. Taa ya nje iwake, hela iwe tayari mkononi, uwe umesimama getini. Dakika 7 za kukusubiri kwenye kichochoro chenye giza akiwa na pikipiki ya mtu ni hatari ambayo 1,000 yako hailipi.

Ramadhani, msongamano wote unaangukia kati ya saa 11 jioni na saa 12 na nusu. Kila nyumba inataka futari ifike kabla ya adhana ya magharibi, na wengi wanaoileta wamefunga. Agiza mapema, saa 10 hivi. Akifika adhana ikiwa imekaribia, mpe chupa ya maji na tende tatu pamoja na hela yake. Ukiweza kuchagua kimoja tu saa hiyo, maji na tende ni bora.

Unapofuata mwenyewe

Kwenye kijiwe cha chipsi, anayekaanga huenda ndiye mwenye mtaji, na mwenye mtaji kaweka faida yake kwenye bei. Humpi bakshishi mwenye duka. Kama ni kijana wa kuajiriwa na umemsumbua, yaani umemwambia akaushe sana, atenganishe makopo matano, aongeze mayai kwenye mawili tu na asiweke chumvi kwenye moja, 500 hadi 1,000 ni haki.

Halafu kuna nyongeza, jambo ambalo waandishi wa mambo ya bakshishi hawalifikirii kwa sababu kwao halipo. Hapa muuzaji naye hutoa. Unanunua mishikaki mitano, anakuwekea kipande cha ndizi. Unaomba kachumbari, anakujazia mara mbili. Mkono umeshatoka kwake kabla ya wako. Ukiomba nyongeza ya chipsi ukapewa, usitegemee pia sifa kwa kuacha sarafu ya 100. Na ukitaka kumlipa fadhila, rudi kesho na kesho kutwa. Kwa kijiwe, mteja wa kila siku anashinda bakshishi.

Mgahawa wa ndani, wenye kaunta na kikopo cha bakshishi, ni hiari kabisa unapobeba. Ningetoa kwa oda kubwa tu. Ukichukua sahani 20 za biriani kwa ajili ya kisomo au kikao, kuna watu watatu wamesimama wakifunga, wakihesabu vijiko na kubandika majina. 5,000 hapo ni sawa, na usiiweke kaunta. Omba aitwe aliyefunga umpe yeye. Hela inayopitia kwa msimamizi ina njia yake.

Oda za ofisini

Watu 10 wakiagiza pamoja, boda anabeba kilo 6 za chakula na pengine soda. Kila mmoja achange 300, mnapata 3,000, hakuna aliyeumia. Ateuliwe mtu mmoja wa kupokea na kulipa, hela ikusanywe kabla chakula hakijafika. Kinachomchosha boda mlangoni kwa ofisi ni kusubiri Juma ashuke, Neema akatoe kwa wakala, na mmoja aseme atalipa kesho. Kama soda ni za chupa za kioo, zitoe zilizokwisha za jana arudi nazo, na ongeza kidogo kwa mzigo wa kurudi.

Kwa mama ntilie mambo ni tofauti. Pale Kariakoo, Posta na kwenye magereji ya Ilala, chakula hakifungwi kwenye kopo. Kinakuja kwenye sahani iliyofunikwa, kichwani au kwenye sinia, kikiletwa na binti anayezunguka maduka 15 kwa mchana mmoja. Halafu anarudi tena kufuata vyombo. Ni safari mbili kwa wali maharage wa shilingi 2,500. Mama mwenyewe humpi bakshishi, ni biashara yake. Anachotaka kwako ni kulipa deni siku uliyoahidi. Yule binti ndiye wa kupewa, 200 au 500 mara mbili tatu kwa wiki, mkononi mwake na si kwenye sahani pamoja na hela ya chakula, maana ya sahani yote inahesabiwa kwa mama.

Na vyombo viwe tayari anapovifuata, saa 9 hivi. Usitie kitako cha sigara kwenye bakuli la mchuzi, usiifungie sahani kwenye droo ukatoka. Kama kuna bomba karibu, isuuze hata kwa maji matupu. Ugali ukikaukia, ni yeye atakayebaki kuusugua mpaka saa 12 huku daladala za Mbagala zikijaa.